Kibali cha kuteka si kibali cha kugawa: njia ya mradi wa maji ya umma Mombasa

Mombasa haikosi mtu anayetaka kutoa maji. Familia iliyofiwa hutaka kumchimbia marehemu wao kisima kiwe sadaka ya jariya. Kikundi cha kina mama Mishomoroni kina akiba ya chama na kinataka kuweka tangi na mifereji minne ya kuchotea maji kando ya njia. Kanisa huko Likoni limepata mfadhili. Shule huko Jomvu imechoka kuona watoto wakija darasani na maji ya chupa kutoka nyumbani. Pesa zikipatikana, jambo la kwanza huwa kumtafuta mchimbaji na kupatana bei. Ruhusa hukumbukwa baadaye, na mara nyingi ni siku ile afisa anaposimama mbele ya mashine akiuliza karatasi.

Hapo mzunguko unaanza. Mwenye mradi anaelekezwa kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA. Huko anaulizwa kama NEMA, mamlaka ya mazingira, imeshatoa leseni. Kaunti inadai hati ya ardhi. Kampuni ya maji ya Mombasa, MOWASSCO, inauliza kwa nini haikuambiwa mapema. Afisa wa afya anataka majibu ya maabara, na maabara haiwezi kupima maji ambayo bado yako chini ya mwamba. Si ajabu watu wakikata tamaa, au wakaamua kuchimba usiku. Hata hivyo, msongamano huu una mpangilio ndani yake, na anayeuona mapema huokoa pesa na miezi.

Maswali ni matatu. Maji haya ni ya nani, na nani amekuruhusu kuyatoa ardhini? Nani amekuruhusu kuwagawia watu wengine? Na je, yananyweka? Kila swali lina ofisi yake, na kujibiwa moja hakukuondolei jingine. Miradi inayokwama katikati aghalabu ni ile iliyopata jibu la swali la kwanza ikadhani imemaliza yote matatu. Kibali cha kuteka maji si kibali cha kuyagawa, na hakuna kati ya hivyo viwili kinachothibitisha kwamba mtoto anaweza kuyanywa.

Maji ya chini ni ya nani

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Wengi hufika hapo wakafunga kitabu. Lakini Jedwali la Nne la Katiba hiyohiyo limegawa kazi: kulinda vyanzo vya maji kumeachiwa serikali ya kitaifa, na kuwafikishia watu huduma ya maji kumepewa kaunti. Sheria ya Maji ya 2016 imejengwa juu ya mgawanyo huo. Inasema kila chanzo cha maji nchini kiko mikononi mwa serikali ya kitaifa, inayokishika amana kwa ajili ya wananchi. Kwa hivyo hata kama kiwanja ni chako na hati iko kabatini, maji yaliyo chini yake si mali yako. Unaruhusiwa kuyatumia, ila kwa kibali cha WRA. Anayechota maji ya matumizi ya nyumbani bila kujenga mtambo wowote sheria imemwachia. Ukishatia pampu, tangi na mabomba, umeingia kwenye kibali.

Kwa nini ukali huu kwa shimo moja? Kwa Mombasa, jibu liko kwenye mwamba wenyewe. Kisiwani, Nyali, Bamburi na ukanda wa pwani wa Likoni, mji umekaa juu ya mawe ya matumbawe, yale yale yanayokatwa kujengea nyumba na kusagwa kuwa saruji. Mawe haya yamejaa matundu na mianya. Mvua hupenya upesi, ikashuka hadi inapokutana na maji ya bahari, ambayo nayo yamejipenyeza kwa chini kutoka pande zote. Maji matamu ni mepesi kidogo, kwa hivyo huelea juu ya yale ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Tofauti ya uzito ni ndogo: lita moja ya maji matamu ina kilo 1, ya bahari ina kama kilo 1.025. Lakini katika tofauti hiyo kuna hesabu ambayo kila anayetaka kuchimba Mombasa angepaswa kuijua kwa moyo. Kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Sasa igeuze hesabu hiyo. Pampu ikishusha maji kwa mita 1 na kuyaweka hapo kwa muda mrefu, mpaka wa chumvi huanza safari ya kupanda kuelekea mita 40.

Ndiyo maana ipo mitaa ambako visima vilivyowanywesha watu kwa vizazi leo vinatoa maji ya kuoshea vyombo tu. Chumvi haiheshimu ua wala beacon ya kiwanja. Pampu kubwa ya upande huu inaweza kuharibu kisima cha msikiti wa upande wa pili, na kuyarudisha maji kwenye utamu wake huhitaji mvua za miaka mingi, na wakati mwingine hayarudi. Nikiitazama hesabu hiyo ya mita 40, siwezi kusema kwamba WRA inaingilia mambo ya watu inapouliza utateka lita ngapi kwa siku. Hilo ndilo swali muhimu kuliko yote katika fomu yake.

Bara ya magharibi, Changamwe, Jomvu na Miritini, mambo ni tofauti. Huko chini kuna mwamba wa tabaka za udongo uliokaza, unaotoa maji machache, na hayo machache mara nyingi yana chumvi. Kikundi cha Miritini kinachochangishana pesa za kisima kina hatari ya kweli ya kulipia shimo lisilofaa kitu. Kwao kituo cha maji ya bomba chenye tangi kubwa ni jambo la kufikiria kwanza, na nitalieleza hapo chini.

Kazi ya maombi huanza kwa mtaalamu wa maji ya ardhini aliyesajiliwa. Yeye hukagua visima vilivyo jirani, kina chake na chumvi yake, hupima jinsi tabaka za ardhi zinavyopitisha umeme, kisha huandika ripoti inayosema kama kuna maji, yako kina gani na yanaweza kutekwa kiasi gani. Msichague mtaalamu ambaye ni mbia wa mchimbaji. Mtu anayelipwa kwa kila mita inayochimbwa hana sababu ya kukuambia usichimbe.

Ripoti hiyo huambatanishwa na ombi kwa WRA, pamoja na uthibitisho wa ardhi, kiasi cha maji kinachoombwa na matumizi yake. Maombi hupangwa katika madaraja manne, A hadi D, kwa kuangalia athari yake kwa chanzo. Daraja A ni matumizi madogo yasiyotishia chanzo. D ni miradi mikubwa, au inayogusa mabonde mawili ya maji, au maji yanayovuka mipaka ya nchi. Maombi yanayohitaji kibali hutangazwa ili majirani wapate nafasi ya kutoa maoni, na tangazo hilo lisichukuliwe kama adha. Jirani mwenye kisima cha zamani anajua chumvi ilianza kupanda mwaka gani, habari ambayo hakuna chombo cha kupimia kitakachokupa.

Katika ombi, andikeni waziwazi kwamba maji ni ya kunywa na ya matumizi ya nyumbani. Sheria ya 2016 inatamka kwamba matumizi ya nyumbani yatangulizwe mbele ya matumizi mengine yoyote. Penye chanzo kidogo kinachogombewa na hoteli, kiwanda na wakazi, sentensi hiyo ni silaha ya mnyonge, na ni makosa kuiacha ndani ya kitabu.

WRA ikikubali, haitoi kibali papo hapo. Inatoa idhini ya kujenga, yaani ruhusa ya kuchimba kwa masharti: mchimbaji awe na leseni, kisima kisizidi kina kilichotajwa, ifanywe kazi ya kupima uwezo wa kisima kwa kukipampu mfululizo kwa saa nyingi, sampuli ipelekwe maabara, ifungwe mita kuu, na kitiwe kibomba chembamba cha kuteremshia kamba ya kupimia kina cha maji. Mchimbaji naye anatakiwa aandike kila tabaka aliyopita, kina alikokuta maji na wingi wake, kisha aiwasilishe kumbukumbu hiyo. Msimlipe fungu la mwisho kabla hajaikabidhi. Baada ya ukaguzi ndipo kibali cha kutumia maji hutolewa. Wako watu waliotundika idhini ya kujenga ukutani, wakaitia kwenye fremu, wakaendesha pampu kwa miaka wakiamini wana kibali. Hawana.

Shauri moja la kiufundi ambalo linasaidia ombi kukubaliwa: ombeni kidogo kwa saa nyingi badala ya kingi kwa saa chache. Pampu ndogo inayojaza tangi taratibu huivuta chumvi kidogo kuliko pampu kubwa inayolijaza kwa saa moja. Kwenye mawe ya matumbawe, visima viwili vifupi vilivyoachana huwa salama kuliko kimoja kirefu. Kuchimba zaidi kwa matumaini ya kupata maji matamu zaidi, kama wafanyavyo wengi, kwa pwani ni kuifuata bahari.

Nyumba bila ardhi

Hapa ndipo Mombasa inapotofautiana na miji mingine mingi ya Kenya, na ndipo ninapoona wanyonge wakiumia zaidi. Katika mitaa mingi ya Waswahili mtu anamiliki nyumba lakini hamiliki ardhi. Analipa kodi ya ardhi kwa mwenye kiwanja, kizazi baada ya kizazi. Maeneo mengine watu wamekaa miaka mingi bila karatasi yoyote. Ofisi ikidai hati, mwenye nyumba hana cha kuonyesha, hata kama babu yake alizaliwa kwenye chumba kile.

Tatizo halimalizwi na barua ya kumridhisha karani. Kibali cha maji kwa kawaida hufungamanishwa na ardhi, na ardhi ikihama mikononi, kibali huenda nayo. Kwa lugha ya mtaani: kikundi kikichanga, kikachimba, kikaweka tangi na mifereji kwenye kiwanja cha mtu kwa maneno ya mdomo, kisha mwenye kiwanja akauza, anayenunua ananunua na kisima. Mchango wa mtaa mzima unageuka mali ya mtu mmoja, na hana kosa mbele ya sheria.

Kwa hivyo kabla ya kumwita mtaalamu wa maji, ardhi iwe na maandishi. Njia iliyo imara ni kutumia ardhi ambayo tayari ni ya umma au ya taasisi: shule, zahanati, msikiti, kanisa. Ardhi ya wakfu ni hazina kubwa hapa, kwa kuwa nia ya aliyeiweka wakfu inafanana na nia ya kutoa maji, na haiuzwi kiholela. Lakini inahitaji idhini ya maandishi ya wasimamizi wake, na penye shaka, ya Tume ya Wakfu. Imamu peke yake, hata kama anaheshimiwa namna gani, hana mamlaka ya kutia saini kwa niaba ya wakfu. Ikibidi kutumia kiwanja cha mtu binafsi, uandikwe mkataba wa kukodi kipande kile kwa miaka mingi, pamoja na haki ya watu kupita na ya mabomba kupita, na uandikishwe kwenye msajili wa ardhi. Wakili atatoza pesa. Pesa hizo ni sehemu ya gharama ya mradi sawa na pampu, na mfadhili anayekataa kuzilipa aelezwe kwa adabu kwamba anahatarisha sadaka yake.

Kikundi chenyewe nacho kiwe na jina kisheria: kisajiliwe, kiwe na katiba, akaunti ya benki na viongozi wanaojulikana. Ofisi haiwezi kumpa kibali "mtaa".

Kuwagawia wengine

Sasa maji yapo na kibali cha kuteka kipo. Swali la pili ndilo linalowashangaza wengi. Kuwafikishia watu maji ni huduma inayosimamiwa na bodi nyingine kabisa, WASREB, ambayo hutoa leseni kwa watoa huduma na kuidhinisha bei zao. Kaunti ya Mombasa ni mji mtupu, na mtoa huduma wake ni MOWASSCO, kampuni ya kaunti. Sheria ya 2016 imeacha mlango kwa jumuiya za wananchi kuendesha huduma za maji, lakini ni katika maeneo ya mashambani ambako kampuni haiwezi kujiendesha kibiashara. Kikundi cha Kongowea hakiwezi kuingilia mlango huo.

Wapo wanaonukuu kizingiti cha Sheria ya Maji ya 2002, iliyodai leseni kwa anayehudumia zaidi ya kaya 20 au kutoa zaidi ya lita 25,000 kwa siku za matumizi ya nyumbani. Sheria hiyo imeshafutwa. Msiupange mradi mkiitegemea.

Wengine husema, sisi hatuuzi, ni sadaka. Nia hiyo ni njema, lakini sheria inaangalia kule kuyafikisha maji kwa watu na kuyahifadhi, iwe kwa pesa au bure. Na kwa upande wa afya hakuna tofauti: kipindupindu hakimwachi mtu kwa kuwa maji hakuyalipia.

Njia inayofanya kazi ni kukaa na MOWASSCO mapema, kabla ya kuchimba, kabla hata ya kupeleka ombi WRA. Pateni barua ya kampuni kwamba haina pingamizi, kisha mwandikiane jinsi kituo kitakavyoendeshwa: nani atakisimamia, mtungi wa lita 20 utatolewa kwa bei gani au bure, nani atapima maji na kila baada ya muda gani, nani atatengeneza pampu ikiharibika, na siku kampuni ikifikisha bomba lake mtaani kituo kitakuwa nini. Kipengele hicho cha mwisho husahaulika sana, kisha huleta ugomvi.

Kwa upande wa magharibi, na popote ambapo kisima hakifai, kituo cha kugawia maji ya bomba la kampuni ni rahisi zaidi kwa karatasi. Hamhitaji kibali cha WRA, maana chanzo kimeshaombewa na wengine. Linabaki suala la mkataba, mita na tangi. Na tangi ndilo roho ya mradi, kwa sababu ya mahali maji ya Mombasa yanapotoka. Mji huu hauna mto wa maji matamu. Bomba la Mzima huanzia chemchemi zilizo ndani ya Tsavo Magharibi, Taita Taveta, likasafiri takriban kilomita 220 hadi pwani tangu miaka ya 1950. Maji ya Baricho hutoka kwenye visima vya kando ya Mto Sabaki, Kilifi. Ya Marere na Tiwi hutoka Kwale. Yote yako nje ya kaunti. Mabomba makubwa yako chini ya wakala wa miundombinu ya maji wa Pwani, na kampuni ya Mombasa hupokea kutoka kwake. Mtaa ulio mwisho wa mstari hupata zamu, si mtiririko.

Basi fanyeni hesabu hii kabla ya kununua tangi. Watu 300 wakipata lita 20 kila mmoja kwa siku, hicho ni kiwango cha chini kabisa cha kunywa, kupika na usafi wa lazima, ni lita 6,000 kwa siku. Ikiwa zamu huja kila baada ya siku nne, mnahitaji nafasi ya lita 24,000. Tangi la lita 5,000 lililopakwa jina la mfadhili halitafika jioni ya siku ya kwanza.

Je, yananyweka?

Swali la tatu ndilo lingetakiwa kuwa la kwanza moyoni, na kwa Mombasa halina jibu jepesi. Matumbawe yanayopitisha mvua upesi hupitisha na maji ya vyoo upesi vilevile. Sehemu kubwa ya mji haina mabomba ya maji taka, kila nyumba ina shimo lake. Tafiti zilizofanywa Kisauni zimekuta visima vyenye vijidudu vya kinyesi na naitreti nyingi, kemikali inayotokana na kinyesi hicho. Kanuni ya kuacha mita 30 kati ya choo na kisima inafaa penye mchanga mzuri, ambao huchuja. Penye mianya ya matumbawe mita 30 zinaweza kupitwa bila kuchujwa chochote. Mtaalamu wenu aonyeshe kwenye ramani kila choo kilicho karibu na upande maji ya ardhini yanakoelekea, na afisa wa afya ya umma wa kaunti aje aone mahali penyewe kabla ya mashine kufika.

Kipimo kinachotumika ni cha maji ya kunywa cha Afrika Mashariki, EAS 12, ambacho KEBS, shirika la viwango la Kenya, imekifanya cha Kenya. Vijidudu vya kinyesi aina ya E. coli visiwepo kabisa katika sampuli. Naitreti isizidi miligramu 45 kwa lita, floridi isizidi 1.5. Jumla ya madini na chumvi iliyoyeyuka isizidi miligramu 1,500 kwa maji ya asili, na 700 kwa yaliyotibiwa. Klorini huua vijidudu. Haiondoi naitreti wala chumvi. Kuchemsha huzidisha zote mbili, kwa kuwa maji hupungua na hizo hubaki. Naitreti ni hatari hasa kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga, kwani huzuia damu yake kubeba hewa. Majibu ya maabara yakirudi na naitreti juu ya kiwango, msijidanganye kwa klorini. Kisima hicho kiwe cha kufulia na vyoo, kiandikwe hivyo kwa maandishi makubwa, na maji ya kunywa yatafutwe kwingine.

Sampuli ichukuliwe mara zaidi ya moja, na moja iwe wakati wa masika, Aprili au Mei, mashimo ya vyoo yanapofurika. Sampuli ya Februari pekee huwapa watu moyo usio na msingi. Na ipimwe pia kwenye mfereji, maana tangi chafu linaweza kuharibu maji yaliyotoka kisimani yakiwa mazuri.

Wanaofikiria mashine za kuchuja chumvi wajue kwamba mashine hutoa maji ya aina mbili: matamu, na machafu yenye chumvi iliyokolea. Hayo ya pili lazima yawe na mahali pa kwenda, na kuyamwaga kunahitaji leseni ya NEMA. Kuyarudisha kwenye shimo lililo karibu ni kuitia chumvi ardhi ileile mnayoiteka. Na mkianza kuyatia kwenye chupa na kuyafunga kwa ajili ya kuuza, mmeingia biashara nyingine, yenye kipimo chake na alama ya ubora ya KEBS.

Karatasi zinazobaki

Zilizobaki ni nyepesi kidogo. NEMA hupima athari kwa mazingira kwa mujibu wa sheria ya 1999, na tangu marekebisho ya 2019 miradi hupangwa kwa hatari: ndogo, ya kati, kubwa. Mradi mdogo hupeleka ripoti fupi iliyoandikwa na mtaalamu aliyesajiliwa. Mkubwa hufanyiwa utafiti kamili na wananchi huitwa watoe maoni. Idara ya mipango ya kaunti huidhinisha ujenzi wenyewe. Mnara wa tangi ni jengo: lita 10,000 za maji ni tani 10 juu ya vichwa vya watu, kwa hivyo mchoro wa mhandisi ni lazima na mkandarasi awe amesajiliwa. Bomba likivuka barabara, ruhusa huombwa kwa mwenye barabara hiyo, na inaweza kuwa kaunti, KURA (mamlaka ya barabara za mijini) au KeNHA (mamlaka ya barabara kuu) kutegemea ni barabara gani.

Ombi likikataliwa, hamlazimiki kwenda kumbembeleza mtu. Uamuzi wa WRA au WASREB hukatiwa rufaa mbele ya Mahakama Maalumu ya Maji. Wa NEMA hupelekwa kwenye mahakama maalumu ya mazingira, ndani ya siku 60. Ombeni sababu za kukataliwa kwa maandishi siku ileile, maana bila hizo rufaa haina pa kushika. Na kila malipo yawe na risiti rasmi. Afisa anayeomba pesa isiyo na risiti anaiba maji ya watu wenye kiu.

Mfuatano ningeupanga hivi: ardhi na usajili wa kikundi kwanza, kisha mazungumzo na MOWASSCO na afisa wa afya, kisha ripoti ya maji ya ardhini, kisha NEMA na kaunti, kisha idhini ya WRA, ndipo mashine ije. Baada ya hapo maabara, mkataba wa kuendesha kituo, na kibali chenyewe. Wafadhili waambiwe tangu mwanzo kwamba hii ni kazi ya miezi, na kwamba picha ya ufunguzi haitakuwa tayari kabla ya Ramadhani ikiwa mazungumzo yameanza Rajabu.

Kibali kikishatoka kina muda wake na huhuishwa, na maji yanayotekwa hulipiwa ada kwa WRA kulingana na mita. Chagueni mtu wa kusoma mita kila Ijumaa na kuteremsha kamba ya kupimia kina kila mwezi, aandike namba zote mbili kwenye daftari moja pamoja na ladha ya maji na jibu la kila sampuli. Usawa wa maji ukianza kushuka au chumvi ikianza kupanda, punguzeni saa za pampu wiki hiyohiyo, msingoje barua ya WRA.